Hadithi Iliyokatwa Vipande Vitano: Maisha ya Tomonori Kitazume

Ndugu, majirani, wenzake wa kazini wa miaka iliyopita, na ninyi wageni mlioketi safu za nyuma, ambao familia haikuwatarajia na kwa kweli iliwatazama kwa jicho la pembeni mlipoingia, lakini sasa inawakaribisha, tunawaomba utulivu kidogo, tuyasikie maisha ya mpendwa wetu Tomonori Kitazume kabla hatujamfukizia ubani na kumsindikiza. Historia hii imeandikwa na mdogo wake, Fumiyo, na inasomwa na mumewe, kwa kuwa Fumiyo mwenyewe amesema sauti haitamfikisha mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1958 katika mji wa Otaru, kisiwani Hokkaido, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mzee Eikichi Kitazume, fundi wa mitambo katika kiwanda cha kusindika samaki, na mama Tsuru, aliyeuza vitafunwa vya samaki wa kusaga karibu na stesheni. Tangu utoto hakuwa mwepesi wa kuamini, mama yao alikuwa akisema kwamba mtoto huyu hata akipewa pipi huinusa kwanza, na wazee wa mtaa ule wanakumbuka alivyomfuata kwa miguu hadi bandarini yule mzee wa baiskeli aliyekuja kuwasimulia watoto hadithi kwa kadi za picha, ambaye kila mara aliikatisha hadithi pale roho zinapokuwa juu, akauza peremende, akasema njooni kesho. Tomonori alitaka kulichungulia sanduku la mzee yule aone kama kadi za kesho zimo kweli, au wanauziwa peremende kwa hadithi isiyokuwepo, mzee akamfukuza kwa ufagio, naye akarudi nyumbani analia kwa hasira, si kwa sababu ya ufagio bali kwa sababu hakuliona sanduku.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 hapo hapo Otaru, akaendelea na shule ya kati mwaka 1970, kisha shule ya ufundi mwaka 1973, na mwaka 1976 akahamia Sapporo kusomea uhandisi wa umeme katika chuo kikuu, akahitimu Machi 1980, bila sifa za kutisha lakini pia bila kushindwa mtihani hata mmoja. Walimu wake waliandika kwamba ni kijana makini anayeuliza maswali mengi, na mmoja akaongeza kwamba maswali hayo huulizwa kana kwamba mwalimu ni mshtakiwa.

Aprili 1980 aliajiriwa na kampuni ya vyombo vya umeme mjini Sapporo, na mwaka 1983, wakati kompyuta za nyumbani zilipoanza kuonekana katika maduka ya mjini, alihamia kampuni ndogo iliyotengeneza michezo ya kompyuta, akaandika programu, akachora, akatunga visa, kwa kuwa siku hizo mtu mmoja alifanya yote, na hapo ndipo alipokutana na Genzo Wakasugi, mtu wa maneno matamu na kicheko kikubwa, aliyekuwa kinyume chake kwa kila kitu. Tarehe 3 Novemba 1985 marehemu alifunga ndoa na Yasue Aramaki, mfanyakazi wa duka la dawa, ambaye alikubali kuolewa baada ya kuhojiwa zaidi, kama anavyosema mwenyewe, kuliko alivyowahi kuhojiwa akiomba kazi, na tarehe 20 Julai 1988 wakajaliwa binti yao wa pekee, Chinatsu, ambaye yupo nasi leo pamoja na mumewe na watoto wao wawili.

Tarehe 1 Aprili 1993 Tomonori na Genzo walifungua karakana yao ya michezo ya video, wakaiita Suzumushi, katika ghorofa ya pili juu ya duka la tofu, ile jibini ya soya, Tomonori akitengeneza na Genzo akitafuta wa kuuza. Walitoa michezo miwili midogo iliyopendwa na wachache, kisha kuanzia mwaka 1995 marehemu akajifungia na kazi moja aliyoipenda kuliko zote, aliyoiita Mto wa Taa za Karatasi, hadithi ya Osayo, msichana mvushaji mtoni, ambaye mdogo wake Mankichi alitoweka siku ya sikukuu ya taa, naye akapanda mtumbwi akapiga makasia kuelekea chanzo cha mto, akiuliza kijiji hadi kijiji, mpaka akafika kwenye nyumba ya zamani ya forodha iliyofungwa mlango, akainua mkono asukume, akasikia sauti ya mdogo wake kutoka ndani ikisema, "Dada, usifungue."

Oktoba 1996 Tomonori na Genzo walikwenda Osaka kuionyesha kazi hiyo kwa kampuni kubwa ambayo familia imeombwa na mawakili isiitaje, nasi hatuitaji. Marehemu aliicheza mbele yao hadi kwenye mlango ule, akaweka chini kidude cha kuchezea apate kunywa maji, na mkuu wa mipango, Bi Kurahashi, akamuuliza, "Na nyuma ya mlango kuna nini, Bwana Kitazume?" Kabla hajameza maji, mzee mmoja wa kampuni akasema hapana, asiseme, hapo ni pazuri sana pa kusimama, mlango kama huo unaweza kulisha michezo mitano, mtu akinunua wa kwanza amekwisha nasa, atanunua mpaka wa tano. Genzo akamkanyaga mguu chini ya meza. Tomonori akatazama nyuso zote za chumba kile, moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu waliokwisha kukubaliana bila yeye, akajibu kwamba yaliyo nyuma ya mlango bado yako mbele.

Ndani ya ndege ya kurudi uwanja wa Chitose, karibu na Sapporo, walibishana, na maneno hayo Genzo ametuhadithia mwenyewe. Tomonori alisema hadithi ile ni moja, haikuzaliwa na viungo vya kukatia, na akaongeza, "Ukiikubali ikatwekatwe, ndugu yangu, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na kisu si chetu." Genzo akamjibu, "Akiba haiozi, Tomo. Kata vipande vitano, tule miaka kumi, vijana wetu waoe." Tarehe 2 Desemba 1996 Tomonori akasaini mkataba wa sehemu tano, jina la mchezo na wahusika wake wote wakawa mali ya kampuni, na Yasue anakumbuka kwamba jioni ile mumewe alikula tambi za supu, kisha akasema wale watu wa Osaka walitabasamu sana.

Sehemu ya kwanza ilitoka tarehe 22 Oktoba 1998, ikaishia kwenye sauti ya Mankichi, na wachezaji kila pembe ya nchi wakaipenda kupita matarajio, vijana wakabishana madukani na shuleni kuhusu kilichomo ndani, mama mmoja wa Hakodate akampigia simu kumwomba amwambie tu kama mtoto yu hai, apate kulala. Karakana ikahama kutoka juu ya duka la tofu, wafanyakazi wakawa zaidi ya thelathini, na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa kuwa wote walikuwa wakijenga nyumba ambayo paa lake halijulikani isipokuwa na mtu mmoja, na mtu huyo hakusema. Marehemu alifunga meza yake kwa kufuli, akaacha kunywa pombe na wenzake asije akaropoka, akashuku kwamba kampuni imeweka mtu wa kupeleka habari, akashuku magazeti, akamshuku hata fundi wa simu. Mchoraji mkuu, Orie Funaki, alipomuuliza amchore Mankichi akiwa na umri gani na katika hali gani, alimjibu, "Mchore mgongo," na Orie, ambaye leo yuko hapa na ametupa ruhusa ya kusema hivi, alirudi mezani kwake akawaambia wenzake kwamba bosi hana mwisho, anatuzungusha.

Tena kulikuwa na tatizo jingine lililoonekana na kila mtu ila halikusemwa, nalo ni kwamba kila wazo zuri lililozaliwa katika sehemu ya pili liliwekwa kando kwa ajili ya ya tatu, na la tatu kwa ajili ya ya nne, kila chenye utamu kikawekewa akiba, hata kilichobaki cha kuwapa watu kikawa ni Osayo kuambiwa arudi nyuma akatafute ufunguo. Mashine za kuchezea nazo zilikuwa zimebadilika, kazi yote ikabidi ijengwe upya kwa mashine mpya, na aliyekuwa hana sehemu ya kwanza hakuona sababu ya kuanza na ya pili. Ilipotoka tarehe 15 Machi 2001, wachezaji wapya hawakuja na wa zamani walikasirika, kwa maana mlango ulikuwa bado umefungwa, na kuanzia hapo barua walizotuma zilibadilika sauti, wakaanza kuandika kwamba wamechezewa, kwamba mtunzi ni tapeli, kwamba nyuma ya mlango hakuna kitu.

Kampuni nayo ikaanza kushuku. Bi Kurahashi alipanda ndege mwenyewe hadi Sapporo, Mei 2003, akaketi ofisini kwa marehemu bila hata kuvua koti, akamwambia kwamba safari hii hataki maneno ya mbele, anataka mwisho, wote, leo. Tomonori alisema uko kichwani. Bi Kurahashi akasema, "Kichwa hakina bima, Bwana Kitazume. Ukigongwa na gari kesho, nitawaambia nini watu?" Marehemu akamuuliza kama hicho ni kitisho, mama yule akasimama, akainama kwa adabu, akaondoka, na Juni mwaka huo huo sehemu ya tatu ikasimamishwa. Sehemu ya nne na ya tano hazikuwahi kuanza, na Tomonori hakuruhusiwa kuimalizia hadithi yake hata kwa gharama zake, kwa kuwa Osayo na Mankichi hawakuwa wake tena, na tarehe 31 Machi 2004 Suzumushi ilifungwa, wafanyakazi wakatawanyika, wengine wakaacha kabisa kazi hiyo.

Mwaka 2006 kampuni ile ilitoa mchezo mwingine, usiohusiana na huu, ambao ndani yake mlikuwa na mlango na sauti nyuma yake, na marehemu alipouona katika dirisha la duka alirudi nyumbani akakata shauri kwamba Genzo amemuuza, amewapa ule mwisho wake. Alipanga ushahidi wake vizuri, kwamba Genzo ndiye aliyemkanyaga mguu Osaka, Genzo ndiye aliyesema akiba haiozi, Genzo ndiye aliyepata kazi haraka baada ya karakana kufungwa, na kwa miaka mingi hakumsalimu, hakumtumia kadi ya mwaka mpya, hakwenda kumzika mama yake Genzo, jambo ambalo familia ilimwambia wazi kwamba si la kiungwana. Katika miaka hiyo, kuanzia 2005 hadi alipostaafu Machi 2018, alifundisha katika chuo cha ufundi mjini Sapporo, na wanafunzi wake wanasema kila aliyemletea wazo la mfululizo alimrudishia bila kulisoma, akimwambia alete kwanza kitu chenye kichwa na miguu.

Ilikuwa mwezi wa Novemba 2019, marehemu akisafisha jiko la mafuta kabla ya baridi kali, na Yasue akikata figili za kutia kwenye chumvi, wakati mazungumzo yalipomfikia tena Genzo na usaliti wake, na Yasue, ambaye alikuwa ameyasikia hayo kwa miaka yote, akaweka kisu chini.

"Baba Chinatsu, hebu nikuulize kitu. Huo mwisho, Genzo ulimwambia lini?"

Marehemu akasema Genzo alikuwa mshirika wake, alijua kila kitu.

"Sikuulizi alichojua. Mimi ni mkeo, hukuniambia. Fumiyo hukumwambia. Orie ulimwambia achore mgongo. Genzo ulimwambia siku gani, mkiwa wapi?"

Yasue anasema mumewe aliendelea kusugua jiko ambalo lilikuwa limekwisha takata, na kwamba kuanzia siku ile hakumsema Genzo tena kwa ubaya, ingawa hakumtafuta pia, kwa kuwa kumwomba radhi mtu uliyemshuku bure kulimshinda kuliko kumshuku.

Tarehe 9 Septemba 2022 marehemu, baada ya kupungua mwili kwa muda, aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, iliyokuwa imekwisha kusambaa, akatibiwa hospitalini mjini Sapporo na kwa vipindi nyumbani. Aliwahoji madaktari kama ilivyokuwa tabia yake, akataka kuona picha zote, na daktari wake alituambia hajawahi kupata mgonjwa aliyemfanya ajihisi yuko mahakamani na bado akampenda. Januari 2023, bila kumwambia mumewe, Yasue alimpigia simu Genzo, naye akaja mchana wa siku ya theluji, ameshika kofia mkononi, amezeeka, na Fumiyo alikuwepo, ndiyo maana tunaweza kuyasimulia haya kama yalivyosemwa.

Tomonori akauliza, "Nani amekutuma?"

"Mkeo."

"Na Osaka?"

"Osaka walinisahau zamani, hata jina hawalijui. Nimekuja na basi, mwenyewe."

Marehemu alimwambia avute kiti. Hakuomba radhi kwa maneno, hakuwa mtu wa hivyo, bali alisema atamwambia kilichoko nyuma ya mlango, na kwamba baadaye wawaambie wote waliongoja, siku ya kumsindikiza, kwa midomo tu, kwa sababu maneno ya msibani hayajawahi kuandikiwa mkataba. Kwa hiyo tunayasema sasa, na kama yupo aliyekuja kutoka kampuni ile, ambayo juzi ilitupigia simu kwa upole mwingi kuuliza kitakachosomwa hapa, tunamjibu kama tulivyojibu simuni, kwamba yanasomwa maisha ya marehemu.

Hakuna aliyemteka Mankichi. Kijana aliambukizwa tauni akiwa amekwenda na taa yake upande wa juu wa mto, akaingia katika nyumba ile ya forodha kwa miguu yake mwenyewe, akakomea kwa ndani, ili asiirudishe nyumbani. Dada yake alipofika na kusikia sauti, hakufungua. Aliketi chini, mgongo kwenye mlango, wakazungumza kuhusu nyumbani, kuhusu mama, kuhusu mtumbwi unaovuja, mpaka Mankichi akaacha kujibu, na asubuhi Osayo akawasha taa moja ya karatasi, akaiweka majini, akaufuata mkondo kurudi alikotoka. Basi.

Genzo akauliza, "Hiyo ni dakika ngapi za mchezo?"

"Kumi. Labda kumi na mbili."

"Diski ya kwanza ilikuwa na nafasi."

"Ilikuwa na nafasi."

"Basi ingeingia sehemu ya kwanza, Tomo. Yote."

"Ndiyo maana sikumwambia mtu," marehemu akasema. "Angeisikia mtu mmoja tu, angejua siku hiyo hiyo kwamba hakuna sehemu tano. Na watu thelathini walikuwa wanakula pale."

Genzo akageuza kofia mikononi. "Ningejua," akasema, "na bado ningekwambia usaini."

Fumiyo anasema hapo ndipo kaka yake alipocheka, kicheko kidogo kilichomuumiza tumbo, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi mtu kumwambia neno asiloweza kulishuku. Baadaye, Genzo alipokwenda kutafuta chai, Fumiyo alimuuliza kaka yake kama huo kweli ndio mwisho aliokuwa nao tangu 1996 au ameutunga kitandani, naye akamwambia, "Shukuni tu. Mimi nilishuku vya kutosha." Yasue anaamini ni wa tangu mwanzo. Orie, alipoelezwa, aliuliza kama Mankichi naye, kule ndani, alikuwa ameupa mlango mgongo, alipoambiwa kwamba ndivyo, akainamisha uso, na hakusema anaamini nini.

Genzo alikuja kila juma kuanzia siku ile, wakaongea habari za theluji, bei ya ngisi, na mke wa muuza tofu. Hali ya marehemu ilibadilika mwanzoni mwa Februari, na Jumamosi ya tarehe 11 Februari 2023, asubuhi, akiwa na Yasue, Chinatsu na Fumiyo kando yake, Tomonori Kitazume alifariki dunia, siku tatu kabla ya kutimiza miaka sitini na mitano. Ameacha mjane, binti, mkwe, wajukuu wawili na dada.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kujibu maswali yake yote, majirani wa mtaa waliozoa theluji mlangoni kwetu wiki zote hizi bila kuombwa, walimu na wanafunzi wa chuo cha ufundi, wafanyakazi wa zamani wa Suzumushi, ambao tunajua wengi wenu mliondoka na kinyongo na bado mmekuja, na Bwana Genzo Wakasugi, ambaye atabeba picha ya marehemu mbele ya msafara, kwa ombi la mjane. Kwenu ninyi wa safu za nyuma, mliokuwa watoto mwaka 1998 na leo mmekuja na watoto wenu, tulidhani ni waandishi wa habari, tukawauliza majina mlangoni kwa ukali, mtusamehe, tumelelewa na mtu huyu. Mlichongoja mmekisikia, na hakuna kilichozuiliwa kwa ajili ya sehemu nyingine.

Tomonori, kaka, mume, baba, umesema na umemaliza. Pumzika kwa amani, na huko uendako, akikukaribisha mtu, ingia tu.